Mafanikio Hewa: Kauli ya Ukamilifu Kutoka Kipande cha Manamba hadi Kivinjari cha Otomatiki, Kasulu na Kibondo

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya tatizo moja la mawasiliano: taarifa inayotamka kwamba kazi imekamilika ilhali kazi yenyewe haikutendeka, au ilitendeka pasipopaswa. Wataalamu wa kompyuta hulikuta tatizo hili kila wanapoiachia programu iendeshe kivinjari bila mtu. Programu hubofya, hujaza, hutuma na kuandika "imekamilika", kumbe upande wa pili hakuna kilichohifadhiwa. Kwa kutumia historia ya nyanda za juu za Kigoma, hasa Kasulu na Kibondo, pamoja na historia ya kiambishi -me-, tunadai kwamba istilahi "kufeli kimya" inapotosha. Kosa hili mara nyingi halinyamazi, bali hutoa ushahidi wa uongo. Tunadai pia kwamba Kiswahili cha utawala kimekwisha kulipatia jina lifaalo zaidi, yaani neno hewa likiwa kivumishi, na kwamba umbo la kitenzi cha Kiswahili lina athari katika namna ya kulibaini.

Utangulizi

Neno kivinjari limetokana na kitenzi vinjari, ambacho katika matumizi ya zamani ni kwenda huku na huku kwa ajili ya kuangalia, kama chombo cha doria pwani au askari wa upelelezi. Ni jina lenye maana pana kuliko linavyotumiwa leo. Kazi ya mpelelezi haiishii katika kuzunguka. Hurudi na habari, na thamani yake yote imo katika habari ile. Mpelelezi aliyelala chini ya mti kisha akarudi kusema "njia ni salama" ana madhara makubwa kuliko yule ambaye hakurudi kabisa.

Mwaka 2004 Jason Huggins, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya ThoughtWorks mjini Chicago, alianza kutengeneza Selenium, zana inayokiongoza kivinjari kama kwamba kuna mtu mbele ya skrini. Zana nyingine zilifuata: Puppeteer ya Google mwaka 2017, na Playwright ya Microsoft mwaka 2020. Katikati ya hizo, mwaka 2018, utaratibu wa WebDriver ulipitishwa na W3C kuwa kiwango cha kimataifa. Zana hizi zilikusudiwa hasa kupima tovuti. Baadaye zikageuzwa kuwa vibarua: kujaza fomu mia moja usiku mmoja, kupakua matokeo, kuhamisha kumbukumbu kutoka mfumo mmoja hadi mwingine usio na mlango wa nyuma. Mageuzi hayo yalibadilisha jambo ambalo halikuzungumzwa sana. Anayepima tovuti hulitafuta kosa, naye hufurahi akiliona. Anayeagiza kazi hutarajia kwamba kazi itafanyika, na neno lolote linalofanana na ndiyo humridhisha.

Yapo makosa yanayopiga kelele. Kitufe hakipo, programu inasimama, ujumbe mwekundu unatokea. Hayo si shida yetu hapa. Shida ni pale muda wa kuingia katika mfumo unapokwisha katikati ya kazi, seva ikairudisha programu kwenye ukurasa wa nywila huku ikitoa namba 200, ambayo katika itifaki ya HTTP maana yake ni "sawa". Au pale tangazo linapofunika kitufe, nao ubofyaji ukaliangukia tangazo. Au pale ukurasa unapoandika "imehifadhiwa" kabla seva haijajibu, kwa kuwa mbunifu alitaka mtumiaji asingoje. Katika hali zote hizo programu huendelea na hatua inayofuata, na mwishoni huandika kwamba kazi zote zimekamilika.

Katika Kiingereza jambo hili huitwa kwa jina ambalo tafsiri yake sisisi ni "kufeli kimya", na tafsiri hiyo imeanza kutumika katika mazungumzo ya wanafunzi wa kompyuta wa vyuo vyetu. Tunaiona kuwa na dosari. Mswahili husema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Kwake kimya ni dalili, na mwenye busara hukiogopa. Hapa kimya chenyewe hakipo. Kuna sauti, tena yenye ufasaha, inayosema kwamba mambo ni mazuri. Istilahi inayoficha sauti hiyo inamwelekeza mtafiti kutafuta ukosefu wa ujumbe, wakati anachopaswa kukitilia shaka ni ujumbe wenyewe.

Kiambishi kilichochoka

Kauli ambayo mashine huitumia kutangaza ukamilifu katika Kiswahili ni ile ya -me- pamoja na kauli ya kutendwa: ombi limepokelewa, fomu imetumwa, taarifa zimehifadhiwa. Wanaisimu kwa kawaida huihusisha -me- na kitenzi cha kale chenye maana ya kumaliza, -mala, ambacho bado kinasikika katika lugha nyingine za Kibantu. Yaani aliyesema "amekuja" zamani alisema kitu kilicho karibu na "amemaliza kuja". Kadiri kitenzi hicho kilivyosinyaa kuwa kiambishi, uzito wake ulipungua. Leo amelala ni hali, amesimama ni hali, na amevaa kanzu halituambii chochote kuhusu kumaliza.

Wasemaji waliuhisi upungufu huo, nao wakaongeza kitenzi kingine cha kumaliza juu ya kile cha kwanza: amekwisha kuja. Nacho kikasinyaa, kikawa ameshakuja, kisha katika mazungumzo keshakuja. Lugha ililazimika kuujenga upya ushahidi wa ukamilifu kwa sababu ule wa mwanzo ulikuwa umechakaa kwa kutumiwa mno. Anayetengeneza mifumo angeelewa mara moja: alama ya "tayari" inayowekwa kila mahali hatimaye haimaanishi chochote, na inabidi ibuniwe alama ya pili ya kuithibitisha ile ya kwanza.

Lugha ya wenyeji wa Kasulu na Kibondo, Kiha, imo katika kundi moja na Kirundi, na katika Kirundi ukamilifu huonyeshwa mwishoni mwa kitenzi, kwa -ye. Msikilizaji wa Kiswahili huambiwa mapema kwamba jambo limekwisha, kisha ndipo anaambiwa ni jambo gani. Hatutaki kujenga falsafa ya taifa zima juu ya nafasi ya mofimu moja, kama walivyopenda kufanya wamisionari wa karne ya kumi na tisa, lakini tutaona kwamba kwa programu inayosoma matini nafasi hiyo ina madhara.

Jambo la pili katika kauli hii ni kutendwa kusiko na mtenda. Fomu imepokelewa; na nani? Itifaki ya HTTP, katika waraka wake wa Mei 1996, ilikuwa makini kuliko ofisi zetu nyingi. Ilitenganisha 200, ombi limefaulu, na 201, kitu kipya kimeundwa, na 202, ombi limekubaliwa kushughulikiwa lakini bado halijashughulikiwa. Neno letu limepokelewa hufunika zote tatu. Mwananchi huliona likiwa 201. Mtengenezaji wa mfumo, mara nyingi, alikusudia 202.

Kipande

Kabla ya kompyuta, watu wa Buha walikuwa na uzoefu mrefu wa kazi inayohesabiwa kwa alama. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na chini ya utawala wa Waingereza nyanda hizi ziligeuka kuwa mojawapo ya vyanzo vikubwa vya vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Waliandikishwa, wakapewa namba, wakaitwa manamba. Lugha ilihifadhi kwa uaminifu kile ambacho mwajiri alikiona: namba kwanza, mtu baadaye.

Manamba alifanya kazi kwa kipande, kadi yenye nafasi 30, moja kwa kila siku ya kazi. Asiyemaliza kipimo chake hakuwekewa alama, na siku yake ilipotea. Ulikuwa mfumo mkali na uliotumiwa vibaya na wanyapara, hatuusifu. Hata hivyo una sifa moja ya kihistoria inayotuhusu. Alama iliwekwa jioni ileile, kwa mtu aliyekuwepo, kwa kipimo ambacho bado kilikuwa kinaonekana shambani: mizigo ya majani yaliyokatwa, ikihesabika. Kama alama na mizigo havikulingana, mzozo ulizuka palepale. Udanganyifu uliwezekana, ila haukuwa hewa, kwa kuwa kitu kilichodaiwa kilikuwa hatua chache kutoka kwenye karatasi.

Hali ilikuwa tofauti katika taarifa zilizosafiri mbali. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 ilikuwa miongoni mwa operesheni za mwanzo za kuhamishia watu vijijini, mwaka mmoja kabla Rais Nyerere hajatangaza, Novemba 1973, kwamba kuishi vijijini ni amri. Kilichoripotiwa kwenda juu kilikuwa idadi ya waliohamishwa, na kufikia mwishoni mwa muongo huo takwimu za taifa zilitaja zaidi ya watu milioni 13 wanaoishi vijijini. Idadi hiyo ilipima tendo la kuhamisha. Kama mtu alirudi kwenye shamba lake la zamani msimu wa kupanda, au kama kijiji kilikuwa na maji, takwimu ile haikuwa na nafasi ya kulisema. Ni kauli ya -me- kwa maana yake iliyochakaa: wamehamia. Kwa mtazamo wetu hapo ndipo nyanda hizi zilipoanza kujua tofauti kati ya hatua iliyotekelezwa na matokeo yaliyokusudiwa, ambayo ndiyo tofauti yote inayojadiliwa na wahandisi wa otomatiki leo.

Hewa na sifuri

Neno hewa likiwa kivumishi cha kitu kilichoandikwa lakini hakipo lilienea hasa kupitia habari za utumishi wa umma: mtumishi hewa, baadaye mkopo hewa, mwanafunzi hewa. Mtumishi hewa ni kosa la mfumo wa otomatiki kwa maana kamili. Mfumo wa mishahara unafanya kazi barabara. Kila mwezi malipo yanatoka, vitabu vinalingana, hakuna ujumbe mwekundu. Kosa limo nje ya mfumo, katika uhusiano wa jina na mtu. Ndiyo maana halikuweza kugunduliwa na ukaguzi wa vitabu peke yake. Uhakiki ulioanza mwaka 2016 ulibaini zaidi ya majina 10,000 kwa kuwadai watu wajitokeze. Uhakiki wa vyeti uliofuata, ambao taarifa yake ilikabidhiwa kwa Rais Magufuli Aprili 2017, uliwataja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi kwa njia hiyohiyo ya kutoka nje ya faili: cheti kilicho mkononi mwa mtu kililinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani.

Ndani ya tukio hilo kuna kisa kimoja cha mkoa wa Shinyanga ambacho kingefaa kufundishwa katika kila darasa la uhandisi wa programu. Taarifa ya mkoa ilisema kwamba hakuna mtumishi hewa hata mmoja. Uhakiki wa pili ukakuta 45, na Aprili 2016 mkuu wa mkoa akaondolewa. Mjadala wa magazeti ulihusu uwajibikaji, nasi hatuna la kuongeza juu ya hilo. Kinachotuvutia ni sifuri. Ukaguzi uliofanyika vizuri mahali pasipo na kosa hutoa sifuri. Ukaguzi ambao haukufanyika hutoa sifuri vilevile. Programu inayopita kurasa 500 na kuripoti makosa 0 inaweza kuwa imekuta kurasa 500 njema, au imeusoma ukurasa mmoja wa nywila mara 500. Karatasi ya mwisho ni moja.

Kwa hiyo tunapendekeza mafanikio hewa badala ya kufeli kimya. Pendekezo hili si la urembo wa msamiati. Neno hewa linakuja na historia ya namna ya kukabiliana nalo: huulizi mfumo, unakwenda kumtafuta mtu.

Orodha ya wilaya

Mwaka 2012 Kibondo ilimegwa ikazaliwa Kakonko, Kasulu ikamegwa ikazaliwa Buhigwe, na Uvinza ikatokana na Kigoma. Tuliangalie badiliko hilo kwa jicho la programu. Huu ni mfano wa mezani, lakini kila kipande chake ni cha kawaida.

Fikiria fomu ya mtandaoni yenye orodha ya wilaya za mkoa, kwa mpangilio wa alfabeti, na tuziache kando halmashauri za mji na manispaa. Kabla ya 2012 orodha inasomeka Kasulu, Kibondo, Kigoma. Mwandishi wa programu, kwa haraka, anaiagiza ichague wilaya kwa nafasi na si kwa jina: kwa watu wa Kasulu nafasi ya kwanza, kwa watu wa Kibondo nafasi ya pili. Inafanya kazi. Kisha orodha inasasishwa: Buhigwe, Kakonko, Kasulu, Kibondo, Kigoma, Uvinza. Programu haijui. Inaendelea kuchagua ya kwanza na ya pili. Watu wote wa Kasulu sasa ni wa Buhigwe, na watu wote wa Kibondo ni wa Kakonko.

Hakuna kitu kilichovunjika. Orodha ilifunguka, chaguo lilikubaliwa, fomu ilitumwa, ujumbe wa kupokelewa ulitokea, na kumbukumbu imo katika hifadhidata. Ubaya zaidi ni kwamba, kwa sadfa ya alfabeti, kosa limemwangusha kila mtu katika wilaya iliyomegwa kutoka kwake mwenyewe. Karani anayeitazama orodha ya majina ya Kiha yaliyoandikwa Kakonko haoni ajabu. Laiti watu wa Kibondo wangegeuka kuwa wa Pemba, mtu angeshtuka siku ya kwanza.

Kuna tabaka la chini zaidi. Ikiwa fomu inadai kata baada ya wilaya, na programu inaitafuta kata kwa jina, basi mtu wa Mabamba ataiokoa kazi yote: Mabamba iko Kibondo, haimo katika orodha ya Kakonko, programu itakwama na kupiga kelele. Lakini anayeijaribu programu hiyo kwa kumbukumbu ya zamani ya mtu wa Muhange, iliyoandikwa Kibondo kabla ya kugawanywa, atapata jibu sahihi kabisa, maana Muhange leo iko Kakonko. Kosa limempa ukweli. Atafunga faili akiwa ameridhika. Mtafiti wa historia ya mdomo anaijua hali hii: shahidi mmoja anayesema kweli kwa sababu zisizo sahihi ni mgumu kumshughulikia kuliko mwongo.

Ukanushi uliokatwa

Njia inayotumiwa mara nyingi kubaini kama kazi imefaulu ni kutafuta maneno fulani katika ukurasa wa mwisho. Kwa Kiswahili njia hii ina mtego wake. Ujumbe wa mfumo hubadilika kulingana na ngeli: ombi limepokelewa, fomu imepokelewa, cheti kimepokelewa, majina yamepokelewa. Mtengenezaji asiyetaka kuandika kila umbo huondoa viambishi vya mwanzo na kutafuta shina, pokelewa. Amepata urahisi, na amekitupa kitu muhimu kuliko vyote. Ukanushi wa Kiswahili umo katika viambishi hivyohivyo alivyovikata: halijapokelewa, haikupokelewa, hayatapokelewa. Vivyo hivyo wakati na sharti: litapokelewa baada ya malipo kuthibitishwa, lisipopokelewa kabla ya tarehe hiyo. Sentensi zote hizo zina pokelewa, na kwa programu zote ni habari njema.

Hatari hiyo haikosekani katika lugha nyingine, ila katika lugha ambamo neno la kukanusha husimama peke yake, mwenye pupa angalau huliona akilipita. Katika Kiswahili hulikata pamoja na upatanisho wa ngeli bila kujua. Hapa mwanaisimu ana kazi ya kufanya ambayo mhandisi hawezi kuifanya peke yake. Uchanganuzi wa mofolojia ya kitenzi, ambao kwa miongo kadhaa tumeufundisha kama zoezi la mtihani, ndio unaoamua kama mwanafunzi wa Kasulu aliyeomba mkopo wa masomo kupitia mtu wa steshenari ataambiwa ukweli. Mwanafunzi huyo hayuko mbele ya skrini. Hupewa karatasi iliyochapwa, na neno moja la ukurasa huo ndilo analoondoka nalo kijijini.

Majina kambini

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi waliotoka Kongo, wakati huo Zaire. Baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 2015 ilipokea Warundi wengi, na Oktoba mwaka huo kambi ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa tena. Mahali hapa usajili si jambo la ofisi tu. Posho hutolewa kwa idadi ya waliosajiliwa katika kaya, na mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali. Asiyeonekana katika orodha hana ofisi nyingine ya kukimbilia.

Lugha tatu au nne hukutana katika jina moja. Jina la Kirundi Ndayiragije likisikika na karani aliyezoea Kiswahili laweza kuandikwa Ndailagije, kwa kuwa mpaka wa r na l katika lugha za eneo hili si ule wa tahajia sanifu, na y kati ya irabu husikika kwa shida. Mfumo unaotafuta jina kabla ya kuandikisha hautalipata, nao utajibu kwa uaminifu kwamba hakuna kumbukumbu. Programu itaunda mtu mpya. Upande wa pili kuna kosa la kinyume: watu wengi wasiojua tarehe zao za kuzaliwa huandikiwa Januari 1, kwa hiyo wawili wenye jina moja na mwaka mmoja huonekana kuwa mtu mmoja, na programu ya kuondoa marudio huwaunganisha. Mara zote mbili ripoti itasema kazi imekamilika. Kuzidishwa kwa mtu hugunduliwa baadaye na mkaguzi. Kupunguzwa kwa mtu hugunduliwa na mtu mwenyewe, siku ya mgao, akiwa kwenye foleni na chombo chake mkononi. Mgao wa posho ni uhakiki huru kuliko wowote, na gharama yake hulipwa na asiyehusika na kosa.

Kusoma tena

Historia ya karibuni ya Afrika Mashariki ina kielelezo kimoja kikubwa cha namna ya kukabiliana na jambo hili. Baada ya uchaguzi wa rais nchini Kenya wa Agosti 8, 2017, namba zilitiririka kwenye tovuti ya tume, lakini fomu za 34A za vituoni, ambazo namba hizo zilidaiwa kutokana nazo, hazikuwa zimeonekana zote. Septemba 1 Mahakama ya Juu iliubatilisha uchaguzi huo, na usambazaji wa matokeo kwa njia ya elektroniki ulikuwa sehemu kubwa ya sababu. Mwaka 2022 tume ileile iliweka picha za fomu za 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 mahali ambapo yeyote angeweza kuzifungua na kujumlisha mwenyewe. Watu walijumlisha. Hatusemi kwamba ugomvi uliisha. Ulihamia kwenye mambo mengine. Lakini swali la kama namba ina karatasi nyuma yake liliweza kujibiwa na mwanafunzi mwenye simu.

Kwa kivinjari cha otomatiki, karatasi ya nyuma hupatikana kwa kusoma tena kwa mlango mwingine. Programu iliyotuma fomu isiulize ukurasa uleule kama fomu imetumwa. Ifunguliwe upya, iingie upya, iitafute kumbukumbu kwa namba yake, na kila uga ulinganishwe na kile kilichokusudiwa, wilaya kwa jina na kata kwa jina. Mahali penye malipo, namba ya kumbukumbu ya malipo na stakabadhi iliyotoka upande wa mlipwaji ni ushahidi bora kuliko ujumbe wowote wa kijani. Zaidi ya hayo, mkaguzi mwenyewe ategewe. Kati ya kumbukumbu mia apewe tatu ambazo zinajulikana kuwa mbovu: moja yenye wilaya isiyo yake, moja iliyofutwa, moja ambayo ni ukurasa wa nywila. Akirudi na makosa 0, tutajua ni sifuri ya aina gani.

Tangu mwishoni mwa 2024 kampuni kadhaa za Marekani zimetoa programu za akili bandia zinazokiendesha kivinjari zenyewe na kisha kuandika taarifa kwa lugha ya kawaida. Kwa mara ya kwanza kauli ya ukamilifu haitoki katika ujumbe ulioandikwa na mtu mara moja na kurudiwa. Hutungwa upya kila siku, nayo imepata nafsi. Haisemi imetumwa, husema nimetuma. Mabadiliko ya kiambishi hicho ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Ni- humfanya mtoa taarifa kuwa shahidi, na msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kumwamini anayesema mimi nilikuwepo, hulegeza ukaguzi. Ilhali programu hiyo yaweza kuitunga sentensi hiyo kutokana na mpango wake wa kazi, bila kuitazama skrini ya mwisho.

Kama sarufi inaweza kusaidia, basi ni kwa kudai aina nyingine ya kitenzi. Kauli ya kutendeka, ile ya -ik- na -ek-, haimtaji mtenda wala haidai ukamilifu. Hueleza kitu kilivyo wakati kinapotazamwa. Taarifa ya aina hiyo ingeandikwa hivi: kumbukumbu imefunguliwa upya saa nne na dakika kumi asubuhi; uga wa wilaya unasomeka Kibondo; uga wa kata unasomeka Mabamba; jina linasomeka kwa herufi hizi. Mwombaji aliyeko Mabamba, mwenye simu ndogo na salio la kutosha ujumbe mmoja, anaweza kuisoma taarifa hiyo na kujibu kwamba herufi ya tano ya jina lake si hiyo.